Siri ya Mzee ni Mali ya Nani? HIPAA na Makao ya Wazee Marekani

Katika makao ya wazee ya Marekani, hakuna neno linalokata mazungumzo haraka kama HIPAA, sheria ya nchi hiyo inayolinda taarifa za afya za watu. Ndugu akipiga simu kuuliza mzee kaamkaje, anajibiwa kwamba HIPAA hairuhusu. Mwandishi wa habari akiuliza wazee wangapi wameanguka mwezi huu, jibu ni hilohilo. Mfanyakazi akitaka kumweleza mkaguzi kwamba zamu ya usiku ina mtu mmoja kwa ghorofa nzima, anaonywa anyamaze, eti atavunja HIPAA. Na bado picha ya bibi wa watu aliyelala nusu uchi inaweza kuzunguka kwenye simu za wafanyakazi kabla zamu haijaisha. Sheria inakazwa pasipotakiwa na kulegezwa panapotakiwa.

Jambo hili liko karibu na wasomaji wa Kiswahili kuliko linavyoonekana. Wakenya na Watanzania wengi waliohamia Minnesota, Massachusetts, Texas au Washington wameanzia maisha kwenye kutunza wazee, kazi ambayo nyumbani huingizwa kwenye kapu moja la “kubeba boksi”. Wao ndio wanaomwogesha mzee, wanaomgeuza kitandani, wanaojua usiku alilia akimwita nani. Baadhi yao sasa wana wazazi wao wenyewe ndani ya makao hayohayo, na ndugu walio Eldoret au Moshi wanasubiri habari kwenye kundi la WhatsApp. Kwa hiyo swali la nani ajue nini kuhusu mzee linawakuta wakiwa pande zote mbili za mlango.

Sheria ilikotoka

HIPAA ilitiwa saini na Rais Bill Clinton tarehe 21 Agosti 1996. Shabaha yake ya kwanza haikuwa siri. Ilitungwa ili mtu anayebadilisha kazi asipoteze bima ya afya, na ili madai ya malipo yatumwe kwa kompyuta kwa utaratibu mmoja badala ya kila kampuni ya bima kuja na fomu zake. Taarifa zilipokuwa zinaelekea kusafiri kwa njia ya kompyuta, ikabidi ziwekewe ulinzi. Kanuni ya Faragha ilianza kutekelezwa Aprili 2003, na Kanuni ya Usalama, inayohusu taarifa za kielektroniki, ikafuata Aprili 2005. Sheria ya HITECH ya mwaka 2009 iliongeza makali: faini zilipanda na uvujaji wa taarifa ukawa jambo la kutangazwa. Uvujaji ukigusa watu 500 au zaidi, wizara ya afya ya nchi hiyo na vyombo vya habari lazima vijulishwe ndani ya siku 60. Kanuni za 2013 zikawabana moja kwa moja hata makandarasi wanaoshika taarifa za wagonjwa kwa niaba ya watoa huduma.

Asili hiyo ya kibima inaeleza mengi, na tutairudia. Kwa sasa itoshe kusema kwamba makao ya wazee yana sheria nyingine ambayo ni kongwe kuliko HIPAA na haitajwi hata robo yake. Mwaka 1987, baada ya miaka mingi ya malalamiko kuhusu wazee kufungwa kamba na kutelekezwa, Bunge la Marekani lilipitisha mageuzi ya makao ya uuguzi. Sheria hiyo iliweka haki za mkazi, faragha ikiwa mojawapo: faragha ya mwili anapohudumiwa, ya barua na simu zake, ya wageni wake, na ya kumbukumbu zake za matibabu. Iliweka pia kiwango cha chini cha mafunzo ya wasaidizi wa wauguzi, saa 75. Makao yanayopokea fedha za bima za afya za serikali, yaani Medicare au Medicaid, na hayo ndiyo karibu yote kati ya takriban 15,000 yaliyopo, yanafungwa nayo.

Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. HIPAA inasema zaidi kuhusu nini kisitoke. Sheria ya 1987 na kanuni zake zinasema pia nini lazima kitolewe. Mzee akianguka na kuumia, hali yake ikibadilika kwa kiasi kikubwa, tiba yake ikilazimika kubadilishwa sana au akitakiwa kuhamishwa, kanuni zinayataka makao yamjulishe mwakilishi wake mara moja. Mkazi akiomba kuona faili lake, hata kwa mdomo tu, anatakiwa aonyeshwe ndani ya saa 24 bila kuhesabu wikendi na sikukuu, na nakala aipate kwa taarifa ya siku 2 za kazi. HIPAA kwa upande wake inatoa siku 30. Afisa anayemjibu binti wa mzee kwamba asubiri mwezi mmoja hajasema uongo kuhusu HIPAA. Amenyamazia tu sheria ya pili, ambayo ndiyo kali zaidi kwake.

Nyumba ambayo pia ni hospitali

Hospitalini mgonjwa hulala siku chache kisha anarudi kwake. Kwenye makao ya uuguzi mzee anaweza kukaa miaka, na huko ndiko kwake. Anakula na wenzake, analala chumba kimoja na mtu asiyemchagua, mlango wake una jina lake. Siri ya matibabu na siri ya maisha ya kila siku zinachanganyika hadi hazitenganishiki.

Tazama kinachokusanywa. Kila mkazi hufanyiwa tathmini ndefu anapoingia, kila robo mwaka, na kila mwaka, kwa fomu ya taifa ambayo matokeo yake hutumwa kwa kompyuta kwa wakala wa serikali unaosimamia Medicare. Katika sehemu ya akili, mzee anasomewa maneno matatu, soksi, bluu, kitanda, kisha anaombwa ayarudie. Anaulizwa huu ni mwaka gani, mwezi gani, siku gani ya wiki. Baadaye anaulizwa tena yale maneno matatu. Alama ni kuanzia 0 hadi 15. Sehemu nyingine zinauliza kama anashindwa kuzuia haja, kama anajisikia ni heri afe, kama anawapiga au kuwatukana wanaomhudumia. Mwalimu mkuu mstaafu aliyeheshimiwa na mji mzima anabaki karatasini kama mtu wa alama 6 anayejikojolea. Taarifa hizo zinahitajika ili apate huduma inayomfaa na ili makao yalipwe, lakini ni za aina ambayo hakuna mtu angependa jirani azisome.

Wanaozishika ni wengi: wauguzi, wasaidizi, wataalamu wa viungo, mfamasia wa nje, kampuni ya maabara, kampuni ya programu ya kompyuta, idara ya malipo. Wengi wao hawakai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Health Affairs ulikuta kwamba wastani wa wauguzi na wasaidizi kuacha kazi na wengine kuingia ulizidi asilimia 100 kwa mwaka. Kila anayeingia anafundishwa HIPAA, mara nyingi kwa video na maswali ya kubofya, na anachobaki nacho kichwani ni kitu kimoja tu: usiseme.

Hoja ya wanaofunga mlango

Tusiwaonee wasimamizi. Msimamo wa kufunga mdomo una mantiki yake. Anayepiga simu akijitambulisha kuwa mtoto wa mzee anaweza kuwa tapeli anayetafuta namba ya hifadhi ya jamii ya mtu asiyeweza tena kujitetea. Anaweza kuwa mtoto kweli, lakini yule aliyekuwa akimnyang'anya mzee pensheni yake. Muuguzi aliye na wagonjwa thelathini hana muda wa kupekua historia ya ukoo, na jibu la “hapana” ni moja kwa wote na halimgombanishi na mtu yeyote.

Isitoshe, mzee mwenyewe ana haki ya kuwaficha wanawe. Hili kwetu ni gumu kulimeza. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki ugonjwa ni wa ukoo: unatangazwa, michango inachangwa, watu wanakwenda kumwona mgonjwa, na anayeuguza kwa siri anatiliwa shaka. Lakini mzee mwenye akili timamu anaweza kutotaka mwanawe wa pili ajue kuwa ana virusi vya UKIMWI, au kwamba tezi dume imeshamfikisha mahali pa kuvishwa nepi. Sheria inamlinda hapo, na inapaswa kumlinda hata kama familia nzima ina nia njema. Makao yanayokataa kutoa habari kwa sababu mzee amekataa yanafanya kazi yao sawasawa.

Udhaifu uko kwenye msukumo wa adhabu. Ukitoa siri kimakosa, unaweza kutozwa faini. Ukikataa kimakosa, kwa miaka mingi hapakuwa na aliyekuuliza. Kuhusu ndugu wanaoshiriki kumtunza mgonjwa, HIPAA inasema mtoa huduma *anaweza* kuwaeleza yale yanayohusu ushiriki wao, mradi mgonjwa hapingi. Ikiwa mgonjwa hawezi kujieleza, mtaalamu atumie busara yake kwa manufaa ya mgonjwa. Wala haidai kibali cha maandishi, na simu inakubalika. Sheria inaruhusu lakini hailazimishi, na penye “unaweza” upande mmoja na “utatozwa” upande wa pili, mwanasheria wa kampuni atashauri kimya kila siku ya Mungu.

Kisha kuna matumizi ya tatu ya kimya ambayo hayana utetezi: kuficha mapungufu ya makao yenyewe. HIPAA inamruhusu waziwazi mfanyakazi anayeamini kwamba huduma inahatarisha wagonjwa kupeleka taarifa kwa mamlaka ya usimamizi au kwa wakili wake. Anayemtisha mfanyakazi huyo kwa jina la HIPAA hamlindi mzee.

Familia na haki ya faili

Upande wa familia una hoja yenye nguvu zaidi pale mzee anapokuwa hawezi kujisemea. Mwenye dimensia hakumbuki kama amepewa dawa mara mbili, wala hawezi kueleza michubuko mkononi ilitoka wapi. Kwake, faili ndilo shahidi, na mwanawe akinyimwa faili hilo shahidi amefungiwa ndani. Ndiyo maana sheria inamchukulia mwakilishi halali wa mgonjwa kama mgonjwa mwenyewe: mwenye hati ya uwakilishi wa afya inayofanya kazi, au mlezi aliyeteuliwa na mahakama, ana haki ya faili, wala haombi hisani.

Mwaka 2019 ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya afya, ambayo ndiyo inayosimamia HIPAA, ilianza kuwaandama wanaokalia faili za watu. Makao ya wazee yakaanza kuonekana kwenye orodha. Mwaka 2024 kampuni ya Phoenix Healthcare ya Oklahoma ilimalizana na serikali kwa dola 35,000 baada ya kumchelewesha binti aliyekuwa mwakilishi wa mama yake kwa siku 323. Faini ya awali ilikuwa dola 250,000, ikashushwa hadi 75,000 kabla ya kuishia hapo. Mwaka huohuo kituo cha West Caldwell huko New Jersey kilitozwa dola 100,000 kwa kosa la namna hiyo dhidi ya mtoto wa kiume wa mkazi.

Kesi hizo zinatia moyo na zinavunja moyo kwa pamoja. Serikali sasa inaona kukataa kuwa kosa. Lakini siku 323 kwa mzee wa miaka tisini ni sehemu kubwa ya umri uliobaki, na adhabu iliyoshuka kutoka robo milioni hadi 35,000 haimkoseshi usingizi mwenye kampuni. Zaidi ya hapo, HIPAA haimpi mtu binafsi haki ya kushtaki mahakamani. Analalamika kwa ofisi ya serikali, kisha anasubiri.

Baadhi ya familia zimechoka kusubiri zikafunga kamera. Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuliwekea jambo hili sheria, mwaka 2001. Illinois ilianza kutumia ya kwake 2016, Minnesota 2020. HIPAA haihusiki na kamera iliyowekwa na familia, kwa kuwa familia si mtoa huduma. Kinachohusika ni mwenzake wa chumbani, ambaye naye atarekodiwa akibadilishwa nguo, na hivyo sheria hizi hudai ridhaa yake. Sheria ya Minnesota inavutia kwa mambo mawili. Familia inayoogopa mzee atalipiziwa kisasi inaweza kuweka kamera hadi siku 14 bila kuwajulisha wenye makao. Na mzee akionyesha kuwa haitaki, mwakilishi wake hawezi kumlazimisha. Hata mtu wa alama 6 anasikilizwa anapokataa kutazamwa.

Kamera imewahi kufichua vipigo na matusi, hilo halina ubishi. Lakini anayetazama ni mtoto aliye kilomita nyingi, akimwona mama yake uchi kila asubuhi, jambo ambalo mama huyo, enzi za nguvu zake, asingelikubali hata kwa sekunde. Na msaidizi wa wauguzi anafanya kazi yake yote chini ya jicho hilo. Penye uhaba wa watu na mishahara midogo, kamera humnasa aliye chini kabisa. Ratiba ya zamu iliyomwacha peke yake haionekani kwenye picha.

Umma unapotaka kujua

Janga la Uviko-19 lilianika mgongano wa aina nyingine. Mwishoni mwa Februari 2020 maambukizi yaligunduliwa katika makao ya Life Care Center mjini Kirkland, karibu na Seattle, na ndugu walijikuta nje ya madirisha wakitafuta habari za watu wao. Maambukizi yaliposambaa, baadhi ya majimbo yaligoma kutaja majina ya makao yaliyoathirika, na faragha ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Florida ilishikilia msimamo huo hadi katikati ya Aprili 2020, vyombo vya habari vilipokuwa vikijiandaa kwenda mahakamani.

Kisheria hoja hiyo ilikuwa dhaifu. HIPAA inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu. Jina la jengo na idadi ya wagonjwa ndani yake havimtambulishi mtu yeyote, hasa jengo lenye wakazi mia moja. Mwezi Mei 2020 serikali kuu iliamuru makao yatoe hesabu zake kwa taifa, na yawajulishe wakazi na familia kufikia saa 11 jioni ya siku inayofuata kila anapothibitika hata mgonjwa mmoja. Dunia haikuanguka, na sikumbuki mzee aliyedhurika kwa sababu umma ulijua makao yake yana wagonjwa wangapi.

Hata hivyo wanaodai uwazi wa kila kitu wanasahau nyumba ndogo. Jimbo la Washington lina nyumba za familia zinazotunza watu wazima wachache, sita au zaidi kidogo, na wahamiaji kutoka Afrika Mashariki ni miongoni mwa wanaoziendesha. Ukitangaza kwamba katika nyumba ya mtaa fulani yenye wazee sita mmoja ana ugonjwa fulani, umeshamtaja. Takwimu hazina hatari moja kila mahali, na kanuni nzuri ni ile inayoficha hesabu ndogo bila kuficha jengo.

Siri hutokea wapi hasa?

Tumezungumza sana juu ya mlango wa mbele. Siri nyingi hutokea dirishani.

Mwaka 2014 simu ya iPhone ya kikazi iliibwa. Ilikuwa ya kampuni ya Kanisa Katoliki, jimbo kuu la Philadelphia, iliyokuwa ikiyahudumia makao sita ya wazee kwa mambo ya kompyuta. Simu haikuwa na nywila wala taarifa zake hazikuwa zimesimbwa. Ndani yake mlikuwa na taarifa za wakazi 412: namba za hifadhi ya jamii, magonjwa, dawa, majina ya ndugu na walezi. Kampuni ilimalizana na serikali mwaka 2016 kwa dola 650,000. Yaani simu moja mfukoni mwa mtu mmoja ilitoa zaidi ya kile ambacho wapokea simu wa makao sita wangeweza kukitoa kwa mwaka mzima wa kusahau kanuni.

Desemba 2015 shirika la habari la ProPublica lilichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa makao ya wazee waliopiga picha na video za wakazi na kuzitupia kwenye mitandao, Snapchat zaidi. Lilikusanya matukio 35 tangu 2012, mengine ya wazee wakiwa uchi au wakidhihakiwa. Agosti mwaka uliofuata wakala wa Medicare uliwaagiza wakaguzi wa majimbo waanze kukagua kama kila makao yana kanuni ya kuzuia picha za kudhalilisha. Mwaka 1987 hakuna aliyefikiria kwamba kila msaidizi angekuja kazini na kamera mfukoni.

Na si vijana wa zamu tu. Mwaka 2025 kampuni ya Cadia ya Delaware ilikubali kulipa dola 182,000 kwa sababu iliweka mtandaoni picha na habari za wagonjwa 150 hivi waliopata nafuu bila kupata vibali vyao vilivyo halali. Nia ilikuwa nzuri, na kampuni iliyofanya hivyo ndiyo ingemkaripia msaidizi kwa kupiga selfi.

Kuna mtego mmoja ambao wenzetu walio kwenye kazi hii wauangalie. Ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, “leo mzee wangu wa chumba cha kona, yule aliyekuwa jaji, kanikojolea,” hauna jina lakini una mtu. Kuusema kwa Kiswahili hakuufichi, kwa maana anayeelewa Kiswahili anaweza kuwa mwajiriwa wa jengo hilohilo. Vivyo hivyo kupeana taarifa za zamu kwa WhatsApp: ni rahisi, kila mtu anafanya, na makao hayana mkataba wowote na WhatsApp wa kulinda taarifa hizo kama sheria inavyotaka kwa kila anayezihifadhi.

Wizi mkubwa zaidi hautoki zamuni. Novemba 2019 wadukuzi waliifunga mitambo ya Virtual Care Provider, kampuni ya Milwaukee iliyokuwa ikihifadhi kumbukumbu za wateja takriban 110, wengi wao makao ya wazee, wakadai fidia ya dola milioni 14. Kwa siku kadhaa watumishi walikosa kuona nani anapewa dawa gani. Tumezoea kufikiri kwamba usalama wa taarifa ni kuzuia zisionekane. Hapo mzee alikuwa hatarini kwa sababu taarifa zake hazikuonekana.

Kwa nini makao yako nyuma hivi? Sababu mojawapo imo ndani ya sheria yenyewe. HITECH ya 2009 iligawa mabilioni ya dola kuwasaidia madaktari na hospitali kununua mifumo ya kumbukumbu za kielektroniki, lakini makao ya uuguzi hayakuwekwa kwenye mgao. Yakabaki na faksi, mafaili ya karatasi, na programu za bei nafuu zilizounganishwa kwa viraka. Kanuni ya Usalama nayo inachukulia usimbaji wa taarifa kama hatua ya kutathminiwa, si ya lazima kila mahali. Mapendekezo ya kuufanya lazima yalichapishwa Januari 2025.

Pengo ambalo watu hawalioni

Sasa turudi kwenye asili ya HIPAA. Kwa kuwa ilizaliwa kutokana na malipo ya bima, inamfuata anayelipwa kwa njia hiyo. Mtoa huduma anaingia chini yake ikiwa anatuma madai ya malipo na miamala mingine ya namna hiyo kwa njia ya kielektroniki. Makao ya uuguzi yanaingia karibu yote. Lakini makazi ya wazee wanaosaidiwa shughuli za kila siku bila uuguzi kamili, ambayo familia nyingi hulipia mfukoni, huweza kabisa kuwa nje ya HIPAA. Huko mzee ana orodha ya dawa, ana faili, ana anayemwogesha, na ulinzi wa taarifa zake unategemea sheria ya jimbo na mkataba aliousaini siku ya kuingia.

Kioja ni kwamba hata wapokea simu wa makazi hayo hujibu “HIPAA hairuhusu”. Wananukuu sheria ambayo huenda haiwahusu, ili kuwanyima watu habari ambazo sheria hiyo ingeruhusu zitolewe.

Kupima

Kipimo ninachokiona kufaa ni kimoja: kimya hiki kinamlinda nani? Kikimlinda mzee dhidi ya tapeli, dhidi ya mwanawe asiyemtaka, dhidi ya kamera ya simu ya mfanyakazi, kikazwe hata kama familia itakasirika. Kikiwalinda wenye makao dhidi ya maswali juu ya upungufu wa watumishi, kuanguka kwa wazee au maambukizi, sheria haikukusudia hivyo, na kila anayekitumia namna hiyo anaidhoofisha siku itakapohitajika kweli.

Kwa kipimo hicho familia zina haki zaidi ya zinazopewa pale mzee alipopoteza uwezo wa kuamua, na zina haki ndogo kuliko zinavyodhani pale ambapo bado anaweza. Umma una haki ya kujua kuhusu majengo, si kuhusu watu. Msaidizi wa wauguzi anastahili mafunzo yanayomweleza nini anaruhusiwa kusema, kwa kuwa mtu aliyefundishwa hofu tu atamnyima binti habari mchana na kutuma picha usiku, bila kuona kwamba ni mambo ya sheria moja. Fedha nazo ziende kwenye mifumo ya kompyuta ya makao kabla ya kuongeza fomu nyingine ya kusaini.

Hayo ni ya serikali na wenye makao. Familia isisubiri. Keti na mzee angali na akili zake, umuulize nani ajue na nani asijue, na ulikubali jibu lake hata kama wewe ndiye uliyeachwa nje. Asaini hati ya uwakilishi wa afya kwa mujibu wa jimbo anakoishi, nakala iwekwe kwenye faili lake, na majina ya wanaoruhusiwa kupewa habari kwa simu yaandikwe. Kabla ya kusaini mkataba, uliza kama makao hayo yako chini ya HIPAA. Ukikataliwa faili ukiwa mwakilishi halali, omba tena kwa maandishi ukitaja saa 24 za kanuni za makao ya uuguzi, kisha mtafute mtetezi wa wakazi wa makao ya wazee, ambaye kila jimbo linaye. Malalamiko ya HIPAA yanapelekwa kwa ofisi ya haki za kiraia ndani ya siku 180 tangu ujue kosa limetendeka, na kuyapeleka ni bure.